Hodi Kabla ya Kona

Mwaka jana shangazi yangu alikaa nasi Kimara miezi miwili na ushee kwa ajili ya magoti. Alikuja na begi moja, mkungu wa ndizi uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na karatasi ya rufaa iliyokunjwa mara nne ndani ya kitambaa. Asubuhi yake ya kwanza niliamka saa kumi na moja na nusu, nikabandika sufuria kubwa kwenye gesi. Maji yalipochemka nikayachanganya kwenye ndoo, nikayapima kwa kiwiko kama nilivyokuwa nikipima ya kumwogeshea mwanangu alipokuwa mchanga, nikayapeleka bafuni. Shangazi alitumbukiza kiganja, akakiacha humo kidogo, akakitoa.

"Ahsante, mwanangu," alisema. "Lakini haya si maji moto. Haya ni maji yaliyochemshwa."

Akaoga, akatoka, akanisifia usafi wa bafu. Hakulirudia neno lile, wala hakulisema kwa kulalamika. Alikuwa ananirekebisha lugha tu, kama anavyomrekebisha mtoto anayeita ndama mbuzi. Mimi ndiye niliyebaki nalo siku nzima, kwenye daladala, kazini, hadi narudi.

Hapa Dar es Salaam ukisema maji moto unazungumzia maji yaliyopitia kwenye moto, na yanaanza kupoa dakika ileile unapoyaepua. Kijijini kwa baba yangu maji moto ni mahali. Mtu akikuambia "natoka maji moto" humuulizi ameyachemshia wapi. Ni kama amekuambia anatoka sokoni au kanisani. Yanatoka ardhini yakiwa hivyo, usiku na mchana, kiangazi na masika, na yalikuwa yanatoka hivyo kabla bibi yake shangazi hajazaliwa.

Jina la kijiji sitalitaja. Sababu nitaieleza, maana ndiyo iliyonifanya nikae chini kuandika.

Ukiondoka stendi ya Magufuli pale Mbezi alfajiri, unapita Morogoro, unakatiza mbuga ya Mikumi, unapanda Kitonga, Iringa, Makambako, na kufika Uyole giza limeshaingia. Hapo unaiacha barabara ya kwenda Zambia, unakata kushoto kuelekea Tukuyu na Kyela. Gari linapanda kwenye baridi ya Isyonje mpaka vioo vinaingia ukungu, kisha linaanza kushuka kwenye migomba na mashamba ya chai. Tukuyu ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko karibu zote nchini, na hilo hulisomi popote, unaliona: kila kitu kina kijani cha aina yake na kila ukuta una ukoga. Ukilala Tukuyu, kesho yake unapata gari dogo la kwenda upande wa Busokelo, halafu bodaboda, halafu miguu yako.

Mlima wenyewe ni Kyejo. Watu wa nje wanamjua zaidi kaka yake, Rungwe, aliye karibu mita 3,000. Kyejo ni mfupi, mita 2,175, lakini ndiye aliyemwaga moto mara ya mwisho, mnamo mwaka 1800 kwa makadirio ya wataalamu. Miaka mia mbili na kitu kwa mlima ni kama jana. Mkoa wa Mbeya ndipo mikono mitatu ya Bonde la Ufa inapokutana, mmoja ukielekea Rukwa, mmoja Usangu, mmoja Ziwa Nyasa. Ardhi ya pale imepasuka. Mvua ile nyingi ya Tukuyu inazama kwenye nyufa, inashuka mpaka inapokutana na joto la chini, kisha inasukumwa kurudi juu kupitia ufa mwingine. Kando ya ufa wa Mbaka, kutoka miteremko ya Kyejo kushuka kuelekea Kyela, kuna chemchemi kadhaa za namna hiyo, na kwenye zile kali joto linapita nyuzi 60. Kule Songwe, upande wa pili wa jiji la Mbeya, ni kali zaidi ya hizo, na maji yake yamejenga miamba ya chokaa kwa maelfu ya miaka, tabaka juu ya tabaka.

Yetu haiko kwenye vipeperushi vya utalii. Jicho lake lina ukubwa wa ungo, chini ya jabali jeusi. Ukiinama unasikia sauti kama ya uji mzito unaochemka, ingawa maji yenyewe hayachemki: ni gesi inayopanda kwa mapovu makubwa, moja, mawili, kimya, kisha matatu kwa pamoja. Mawe yanayozunguka yamevaa rangi ya kutu. Maji yana ladha ya chumvi kidogo, na ng'ombe wanayapenda, inabidi wafukuzwe.

Kutoka kwenye jicho maji yanashuka hatua kama ishirini hadi kwenye bwawa la kuogea. Pembeni kuna kijito cha maji ya baridi kutoka mlimani, na kati ya kijito na bwawa wazee waliweka mfereji wa gogo la mgomba, unaobadilishwa kila unapooza. Kwenye mdomo wa mfereji lipo jiwe bapa. Nimelibeba jiwe lile tangu nina miaka saba na bado mikono yangu inajua uzito wake. Ukifika unalisogeza, baridi inaingia, unachanganya maji kwa mguu mpaka yakubali. Anayetoka wa mwisho anarudisha jiwe. Asiporudisha, baridi itaingia usiku kucha, na kikongwe atakayeteremka asubuhi na magoti yake atakuta bwawa limezizima. Kijijini nimeona watu wakisameheana deni na hata ugomvi wa mipaka ya shamba. Kusahau jiwe hakukuwahi kusamehewa haraka.

Lakini kabla ya jiwe kuna kona, na kabla ya kona kuna hodi.

Njia ya kwenda maji moto inazunguka kichaka cha mianzi, na ukishakipita tu umefika, bwawa lote liko mbele yako na aliyemo yumo kama alivyozaliwa. Kwa hiyo unasimama kabla ya mianzi, unapaza sauti: "Hodi!" Kama wamo wanawake, watajibu, "Tupo akina mama!" na mwanaume atakaa kwenye gogo akisubiri. Kama wamo wanaume, atakohoa mmoja wao na kuita, "Subirini!" Kama hakuna mtu, hakuna jibu, na unapiga ya pili na ya tatu ndipo upite. Hata ukiwa na uhakika hakuna mtu, unapiga.

Hodi ile ilibeba mambo mazito zaidi ya aibu ya kuonana uchi. Kwa Wanyakyusa wa zamani mkamwana hakuruhusiwa kuonana na baba mkwe wake. Akimwona kwa mbali alijifunika na kuchepuka njia, na hata jina lake hakulitamka. Sasa fikiria kijiji kimoja, njia moja, bwawa moja, na wakwe kadhaa wa kila upande. Bila sauti ile kwenye kona, nusu ya kijiji isingeweza kuoga. Mama yangu aliolewa pale akitokea Handeni, Kinyakyusa hajui hata neno, na aliniambia kwamba katika wiki zake za kwanza "hodi" ya pale mianzini ndiyo ilimpa moyo, kwa sababu ilikuwa kitu pekee alichokielewa moja kwa moja bila kutafsiriwa.

Na lile gogo la kusubiria! Ningeweza kuandika makala nzima juu ya gogo. Wanyakyusa wana neno, ukwangala, la kukaa na wenzako mkafurahia kuwa pamoja, na wazee walilihesabu kuwa sehemu ya kuishi vizuri, sawa na kuwa na shamba na ng'ombe. Ukwangala wa kijiji chetu uko pale kwenye gogo. Posa zimepelelezwa pale. Mgonjwa ambaye hajaonekana siku mbili hugundulika pale, kwa sababu zamu yake imepita na hajapiga hodi. Shangazi mwenyewe alinisimulia kwamba mimba ya kwanza ya mdogo wake ilijulikana kwenye gogo kabla ya mwenye mimba kujua, kwa jinsi alivyokuwa akisita kuingia kwenye maji yenye joto.

Kuna sheria nyingine ambayo nilipokuwa mtoto niliiona ni ya kututisha tu: asubuhi isiyo na upepo, mtu haruhusiwi kuinama kwenye jicho mpaka jua liguse mianzi. Bibi alisema kuna pumzi inalala pale chini na inachukua ndege. Na kweli tuliwahi kuokota ndege wamekufa, hawana jeraha. Nimekuja kuelewa ukubwani. Gesi inayopanda na maji yale ni kabonidayoksaidi, nzito kuliko hewa, na pasipo upepo hutulia kwenye mabonde na mashimo kama maji kwenye bakuli. Jua likipanda hewa inaanza kutembea na gesi inatawanyika. Bibi hakuwa na jina la gesi hiyo, lakini saa yake ya kuamka na ya kuua alikuwa nayo.

Sasa nieleze nilichofanya.

Miaka mitano iliyopita nilienda likizo ya Krismasi, nikapiga picha. Asubuhi moja ya ukungu, mvuke unapanda, mianzi nyuma, jiwe bapa mbele limelowa. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nikairusha mtandaoni, nikaandika jina la kijiji, nikaweka na ramani ya kufika, kwa sababu niliona fahari na nilitaka watu wajue kwamba kwetu kuna kitu. Watu walifurahi. Ndugu walio Dodoma, Mwanza, hata Muscat, waliandika kwamba wamelia. Ikasambazwa na watu nisiowajua.

Pasaka ilipofika yaliingia magari mawili. Walikuja na spika na vinywaji. Hawakuwa watu wabaya, nimeziona picha zao, walikuwa vijana wanaocheka. Waliingia na viatu bwawani. Walimwaga sabuni ya unga kwenye maji ya juu ili wapate povu la kupigia picha. Jiwe bapa wakalitupa kijitoni kwa kudhani ni jiwe tu. Chupa mbili zilivunjika, na vipande vyake bado vinaokotwa. Ila kuna kitu ambacho shangazi alinisimulia kwa simu kwa sauti ya chini, na ninapokikumbuka hadi leo mwili unanisisimka. Walipozunguka kona ile bwawani alikuwamo binti wa miaka kumi na mbili, peke yake, na walizunguka kona wakiwa na simu mikononi, zimeinuliwa, zinarekodi.

Hakuguswa. Alikimbilia mianzini akajificha mpaka jioni. Lakini kwa karibu mwaka mzima hakurudi maji moto, na mama yake alikuwa akimchemshia ndoo nyumbani, katika kijiji ambacho hakuna aliyewahi kuchemsha maji ya kuoga.

Niliifuta picha usiku uleule. Haikusaidia, ilishanakiliwa. Mtendaji aliitisha mkutano, bwawa likafungwa kwa wageni. Hakuna mtu wa kijijini aliyenitukana. Shangazi aliniuliza swali moja tu kwenye simu, na aliuliza kwa kutaka kujua kweli: "Uliwaandikia kwamba wapige hodi?"

Sikuwa nimewaandikia. Niliandika juu ya joto, juu ya rangi, juu ya mvuke, juu ya umbali kutoka Tukuyu. Jambo ambalo hata mtoto wa miaka mitatu wa kijiji kile angelitaja la kwanza halikunijia hata kichwani.

Alipokuwa hapa Kimara nilimwomba radhi upya, uso kwa uso, jioni moja umeme umekatika na tumekaa barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Niliiona ile picha, mwanangu, kijana mmoja alinionesha. Ni pale kabisa. Lakini haikuwa na sauti."

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za vijiji vingine vya milimani vilivyoota kando ya maji moto, nikitafuta wanafanyaje. Kimoja kimenikaa moyoni: Nozawa Onsen, kijiji cha mkoa wa Nagano huko Japani. Wana mabafu 13 ya maji moto ya asili yaliyotapakaa mitaani, na yanaendeshwa na wakazi wenyewe. Kila bafu lina kaya zake, zinasafisha kwa zamu na kuchangia gharama. Mgeni anaruhusiwa kuoga, mlangoni kuna kisanduku cha kutumbukiza sarafu, na anatarajiwa kujiosha kabla ya kuingia majini. Lakini ipo chemchemi moja, Ogama, yenye joto la nyuzi 90 hivi, ambapo wanakijiji huchemsha mboga na mayai. Pale mgeni haingii. Anasimama nje ya uzio, anatazama, basi. Nilipoisoma habari hiyo nilijisikia kama mtu aliyesikia mtu wa mbali akiongea lugha ya nyumbani kwao. Wanawapokea watalii kwa maelfu, na bado wamebaki na mahali pa kusema "subirini".

Kijiji chetu kimefika karibu na hapo kwa njia yake. Sasa mgeni anapita kwanza ofisi ya mtendaji, anajiandikisha, analipa kiasi kidogo, anapewa kijana wa kumsindikiza. Kijana ndiye anayepiga hodi. Hela zimenunua mabati ya kibanda cha kubadilishia nguo, na kupanda mianzi upya upande ulioharibiwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu, ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaruhusu watumiaji wa chanzo kuunda jumuiya yao. Kwa hiyo wanachofanya kina mahali pa kusimama kisheria. Ninawahimiza waisajili jumuiya hiyo mapema, na sababu yangu ni jotoardhi.

Niseme wazi kwamba siupingi umeme wa jotoardhi. Wakenya walianza kuuzalisha Olkaria mwaka 1981 na leo wanautegemea kwa sehemu kubwa. Sisi tuliunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi mwaka 2013, na kati ya maeneo yanayotajwa kila mara, Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka (ndio Kyejo wetu na ufa wa Mbaka) yako huko kwetu Nyanda za Juu Kusini. (Mengine ni Natron, na Luhoi huko Rufiji. Wakazi wa Dar wengi hawajui kwamba maji moto yaliyo jirani nao yako Rufiji.) Nataka kijiji cha shangazi kipate taa. Lakini nataka watakaochimba wakae kwanza kwenye gogo. New Zealand walijenga kituo cha Wairakei mwaka 1958, na katika miaka iliyofuata bonde zima la chemchemi zilizokuwa zikiruka jirani na kituo likanyamaza, kwa sababu maji na mgandamizo wake vilikuwa vimevutwa na visima. Huko huko New Zealand, mjini Rotorua, walipoona chemchemi zinadhoofika walifunga visima vyote vilivyokuwa ndani ya kilomita moja na nusu kutoka chemchemi kubwa ya Pohutu, mwaka 1986 na 1987, na maji yakaanza kurudi. Maana yake inawezekana kuchota na kubakiza, mradi kuna anayepima. Vipimo vya jicho letu vinapaswa kuanza kuchukuliwa sasa, kabla mtambo haujafika: joto lake, wingi wa maji yake, kila mwezi, na kitabu kiwe mikononi mwa kijiji.

Gesi yenyewe imeshaanza kutumika. Huko Busokelo kuna kiwanda kinachovuna kabonidayoksaidi inayotoka ardhini, inasafishwa, inauzwa kwa watengeneza vinywaji. Jumapili moja mwanangu alikuwa anakunywa soda mezani, akacheua, akaona haya mbele ya shangazi. Nikamweleza shangazi kwamba yale mapovu ya soda mengine yanatoka kwao, ni pumzi ileile aliyokuwa akisema bibi. Aliichukua chupa, akaisogeza dirishani kwenye mwanga, akatazama mapovu yakipanda. Moja, mawili, kimya, matatu kwa pamoja. Akaiweka sikioni. Mtoto alicheka, lakini shangazi hakuwa anacheza, alikuwa anasikiliza.

Magoti yalipata nafuu kiasi kwa sindano na mazoezi. Katikati ya matibabu hayo maji yalikatika mtaani kwetu siku sita. Tuna simtanki, na majirani wawili wana la kwao, na mwenye kisima kule bondeni anauza kwa dumu. Foleni ya Kimara ni ya madumu. Watu hawapangi miguu, wanapanga plastiki, kila dumu na alama yake, kamba nyekundu, rangi ya kucha, herufi iliyochomwa kwa msumari wa moto, na wenyewe wako ndani wanatazama simu. Shangazi aliteremka siku ya kwanza akayakuta madumu arobaini na hakuna mtu. Alirudi akaniuliza kama kuna msiba.

Siku ya pili alibeba kigoda akaenda kukaa nayo. Akamwuliza wa kwanza aliyekuja dumu la kamba nyekundu ni la nani. Hajui. La herufi M? Hajui. Akaanza kuwaita: mwenye kamba nyekundu atoke, tumjue. Wakatoka, mwanzoni kwa kuona tabu kumkatalia mzee, baadaye kwa kupenda. Siku ya nne nilipotoka kazini nilikuta viti vinne, ndoo mbili zilizogeuzwa, karanga kwenye sahani, na mama mmoja wa geti jeusi, ambaye nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka tisa bila kujua jina lake, anaeleza jinsi mwanawe alivyofaulu kidato cha nne. Shangazi alikuwa akimsikiliza huku mkono wake uko juu ya dumu lake, kama anavyoshika jiwe. Maji yaliporudi, viti viliondolewa. Yule mama wa geti jeusi na mimi sasa tunasalimiana, na wiki mbili zilizopita alinituma nimletee ndizi za Tukuyu kutoka Mahakama ya Ndizi pale Mabibo, maana shangazi alimfundisha kupika mbalaga.

Tulimsindikiza Mbezi saa kumi alfajiri. Nilimnunulia chupa ya moto, nzuri, ya lita mbili, ili njiani apate chai. Aliikumbatia njia nzima ya kwenda stendi. "Hii inajitahidi," alisema.

Alifika salama. Siku ya tatu baada ya kufika simu yangu iliita saa kumi na mbili na robo asubuhi, sufuria bado nimeibandika kwa mazoea. Nilisikia upepo, nikasikia fimbo yake ikigonga changarawe, na pumzi yake ya kuteremka.

"Ugonile, mwanangu."

"Ndaga, shangazi. Uko wapi?"

"Niko kwenye mianzi. Shika simu vizuri, nataka usikie."

Akaiondoa simu mdomoni. Akapaza sauti, "Hodi!"

Kikapita kimya cha mianzi, halafu kutoka mbali, chini, sauti za wanawake kama watatu au wanne, zimechanganyika na maji: "Tupo akina mama! Nani?" Na sauti moja nyembamba kuliko zote, ya msichana: "Bibi umerudi?"

"Nimerudi!" alisema. Kisha akanirudia mimi. "Wanamalizia. Ngoja nikae kwenye gogo."

Nikazima jiko, nikakaa jikoni na simu sikioni, tukasubiri.